Je, wajua? Waliouandika mchezo wa Donkey Kong walitia sahihi ndani ya chipu

Muulize mpenzi yeyote wa gemu za zamani nani alitengeneza Donkey Kong, naye atakujibu bila kusita: Shigeru Miyamoto wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani. Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu ya ukweli. Ndani ya chipu za kumbukumbu za mashine ya mchezo huo ya mwaka 1981, ile ya kabati lenye skrini inayochezwa kwa sarafu, umo ujumbe mfupi wa Kiingereza cha kuungaunga, ambao mchezaji hauoni hata akicheza usiku kucha. Unampongeza aliyefika kuichambua programu, unamwambia akiona ugumu watamfundisha, kisha unaacha namba ya simu ya Japani na jina la kampuni: Ikegami.

Ikegami Tsushinki ni watu wa kamera za televisheni. Wameingiaje humo?

Nintendo ilikuwa imepeleka Marekani mashine 3,000 za mchezo uitwao Radar Scope, na kama 2,000 zikadoda ghalani. Mkuu wa tawi la Marekani, Minoru Arakawa, akamwomba baba mkwe wake Hiroshi Yamauchi, rais wa Nintendo, mchezo mpya utakaowekwa kwenye makabati yaleyale. Kazi akapewa Miyamoto, kijana aliyesomea ubunifu wa bidhaa, chini ya usimamizi wa Gunpei Yokoi. Ni yeye aliyemwaza sokwe aliyemteka binti, na seremala mfupi anayepanda ngazi huku akiruka mapipa. Seremala huyo ndiye baadaye aliyeitwa Mario.

Lakini Miyamoto hakuwa mwandishi wa programu. Alichora na kueleza anachotaka. Waliokaa na kuandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, ni wahandisi wa Ikegami, akiwemo Hirohisa Komanome. Na alichotaka Miyamoto hakikuwa kidogo. Michezo mingi ya wakati ule ilirudia uwanja mmoja kwa kasi inayozidi kupanda. Huu ulikuwa na viwanja vinne, kila kimoja na kanuni zake: mapipa yanayobingirika, mikanda inayosogea, lifti, na mwisho ribiti, yaani pini zinazoshikanisha vyuma, za kung'oa mpaka jengo lianguke. Kwa anayeandika msimbo, hiyo ni karibu kazi ya michezo minne. Kuruka kwenyewe, kitu ambacho kidole cha mchezaji hukikumbuka maisha yote, kilipatikana kwa mahesabu yao.

Kwa nini basi hawakuandika majina yao kwenye skrini? Kwa sababu walikuwa wakandarasi, na jina linalobandikwa kwenye kabati ni la mwenye kuuza. Hata wafanyakazi wa kampuni za gemu zenyewe mara nyingi hawakutajwa siku hizo. Ikabaki sehemu moja ambayo muuzaji haichungulii: msimbo. Sahihi ile iliandikwa na fundi kwa ajili ya fundi mwenzake, mtu pekee ambaye angeweza kuifikia na kuithamini.

Fundi wa namna hiyo alipatikana mapema. Nintendo ilipotaka Donkey Kong Junior, uliotoka mwaka 1982, kampuni nyingine ndiyo iliyopewa kazi ya kuufumua msimbo wa mchezo wa kwanza na kujenga juu yake. Mwaka 1983 Ikegami ikaenda mahakamani ikidai kwamba programu ni mali yake. Swali lilikuwa gumu kweli, maana sheria ya hakimiliki ya Japani ilikuja kutaja programu za kompyuta waziwazi katika marekebisho ya mwaka 1985. Mzozo ukaisha kwa maelewano mwaka 1990, na masharti yake hayakutangazwa.

Mimi simpunguzii Miyamoto hata chembe. Bila yeye kusingekuwa na sokwe wala seremala. Ila orodha ya watunzi wa mchezo huu inayoishia kwake haijakamilika, na ushahidi upo ndani ya mashine yenyewe, kwa mkono wa walioiandika.