Ratiba ya 2027: panga bloki kabla ya kufungua programu

Januari 2027 shule nyingi za sekondari pevu hapa Nairobi zitakuwa na Gredi ya 10, Gredi ya 11 na Kidato cha Nne cha mwisho cha mfumo wa zamani wa 8-4-4. Mitaala miwili, maabara zilezile, walimu walewale. Mwalimu wa ratiba aliyezoea kunakili ya mwaka uliopita na kubadilisha majina hatafika mbali, kwa maana mwanafunzi wa sekondari pevu hafuati tena darasa lake mwanzo hadi mwisho wa siku. Ana masomo manne ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha Ishara ya Kenya, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Kisha ana matatu aliyoyachagua kulingana na njia yake: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Haya matatu ndiyo huamua kama ratiba itakaa au itavunjika, na ndiyo nitakayoyazungumzia zaidi.

Kwanza muda. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaipa shule ya kutwa saa za masomo kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na mwanafunzi hatakiwi kulazimishwa kufika kabla ya saa 1:15. Hizo ni dakika 450. Vipindi 8 vya dakika 40 vinachukua 320, zinabaki 130. Toa 60 za chakula, 30 za chai, 10 za mapumziko mafupi na 20 za gwaride na rejista. Dakika 10 zilizobaki si za kuchezea: ni za wanafunzi kuhama vyumba. Enzi za kila darasa kukaa chumbani mwake, dakika hizo hazikuhitajika sana. Sasa zinahitajika kila siku, na shule inayozifuta hupoteza dakika tano za mwanzo katika kila kipindi cha masomo ya kuchagua.

Bloki ni muda ambao wanafunzi wote wa gredi moja wanakuwa kwenye masomo ya kuchagua kwa pamoja, kila mmoja kwenye kundi lake. Masomo ya kuchagua ni matatu, kwa hiyo bloki ni tatu: A, B na C. Kila mwanafunzi apate somo lake moja katika kila bloki. Sharti ni hilo moja tu, lakini linatoa jasho.

Tuchukue gredi yenye wanafunzi 160 katika madarasa manne, na tuseme machaguo yametoka hivi: Biolojia, Kemia na Fizikia 52, Biolojia, Kemia na Kilimo 30, Kompyuta, Fizikia na Biashara 14, Historia, Jiografia na Biashara 36, Historia, Dini na Fasihi ya Kiswahili 28. Kikomo cha kundi ni wanafunzi 45.

Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuweka somo lote ndani ya bloki moja. Biolojia, Historia na Kompyuta zinaingia A. Kemia, Jiografia na Dini zinaingia B, pamoja na Fizikia ya wale 14 wa Kompyuta. Fizikia ya wale 52, Kilimo, Biashara na Fasihi zinaingia C. Kwa macho inapendeza. Lakini wale 52 wa Fizikia wamevuka kikomo, hivyo wanagawanywa makundi mawili ya 26, na kundi la tatu la Fizikia lenye watoto 14 linabaki kule B. Biashara nayo ina 50, hivyo inagawanywa pia. Bloki C inakuwa na makundi sita, na jumla ya makundi inafika 16. Ikiwa kila somo lina vipindi 5 kwa wiki (nimechagua 5 kwa wepesi wa hesabu, wewe weka idadi ya mwongozo wako), hilo kundi moja la ziada ni vipindi 5 vya mwalimu kila wiki, mwaka mzima. Kwa mwalimu mwenye mzigo wa vipindi 25 hiyo ni sehemu ya tano ya kazi yake.

Dawa yake ni kuwagawanya wale 52. Wanafunzi 39 wasome Fizikia katika B na Kemia katika C. 13 wasome Kemia B na Fizikia C. Wale wa Kompyuta wasome Biashara B na Fizikia C. Wakati huohuo wape wale 36 Jiografia katika A na Historia katika B. Matokeo:

Bloki A: Biolojia 41, Biolojia 41, Jiografia 36, Historia 28, Kompyuta 14.
Bloki B: Kemia 43, Fizikia 39, Historia 36, Dini 28, Biashara 14.
Bloki C: Kemia 39, Fizikia 27, Kilimo 30, Biashara 36, Fasihi 28.

Kila bloki ina wanafunzi 160 na makundi matano. Jumla ni 15. Tazama pia kilichotokea kwa walimu: Historia, Kemia, Fizikia na Biashara hazina makundi mawili ndani ya bloki moja, hivyo mwalimu mmoja anaweza kufundisha makundi yote mawili ya somo lake. Mpango wa kwanza ulidai walimu wawili wa Historia saa ileile. Shule nyingi ndogo hazina wawili, na hapo ndipo mwanafunzi huitwa ofisini kuambiwa "badilisha somo", ilhali tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya mpangaji. Jambo hilo linaniuma. Mtoto amechagua kwa haki yake, na mpango upo wa kumtosheleza. Unahitaji kutafutwa kwa penseli kwa muda.

Biolojia inabaki na makundi mawili ndani ya A, na lazima wapatikane walimu wawili. Vyumba havisumbui: kundi moja linaingia maabara ya Biolojia, jingine maabara ya Kemia, ambayo katika bloki A haina mwenyewe.

Hisabati nayo ina mtego wake. Wa STEM wanasoma Core Mathematics, wengine wanasoma Essential Mathematics; ni silabasi mbili. Katika mfano wetu wa STEM ni 96 na wengine ni 64. Wale 96 hawatoshi makundi mawili ya 45, wanahitaji matatu. Wale 64 wanahitaji mawili. Kwa hiyo madarasa manne yanazaa makundi matano ya Hisabati, na darasa moja litakuwa na mchanganyiko wa wanafunzi 16 na 24 wanaogawanyika kipindi kikifika. Mkuu wa idara aliyeomba walimu kwa kuhesabu madarasa atajikuta na pengo la kundi zima wiki ya kwanza. Hesabu makundi.

Sasa weka bloki kwenye wiki. Kwa vipindi 5, bloki tatu zinachukua nafasi 15 kati ya 40 kwa kila gredi. Usiweke bloki za Gredi ya 10 na za Gredi ya 11 saa moja, kwa sababu maabara ya Kemia inatumika katika A, B na C zote. Gredi mbili zinakula nafasi 30, zinabaki 10 ambazo maabara hiyo haidaiwi na sekondari pevu. Hapo ndipo vipindi pacha (viwili mfululizo) vya Kemia vya Kidato cha Nne vinapokaa, na viwekwe kabla ya kitu kingine chochote cha Kidato cha Nne. Biolojia na Fizikia zao ni rahisi zaidi: bloki B au C inapoendelea maabara ya Biolojia iko wazi, na bloki A inapoendelea maabara ya Fizikia iko wazi. Watahiniwa wa KCSE (mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne) wa 2027 hawana darasa la nyuma yao watakalorudia pamoja katika mfumo huo. Wasiachiwe makombo ya maabara.

Vipindi pacha vya majaribio vikae 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, au 7 na 8, ikiwa mapumziko yako yanakuja baada ya kila viwili. Pacha inayokatwa na chai si pacha. Mwanafunzi aliyeanza kupima tindikali kwa bureti hawezi kuiacha dakika 30 akarudi kuendelea. Epuka pia pacha ya Jumatatu kipindi cha kwanza, maana fundi wa maabara anahitaji muda wa kuandaa miyeyusho, na jaribio lililoandaliwa Ijumaa limekaa wikendi nzima.

Kipindi cha kwanza kina shida nyingine Nairobi. Mvua ikinyesha, Barabara za Mombasa, Magadi na Thika zinasimama, na watoto na walimu wa Kitengela, Rongai na Ruiru wanachelewa pamoja. Hutazuia msongamano, lakini unaweza kuzuia somo moja lisiumie kila mara: darasa lisiwe na somo lilelile kipindi cha kwanza zaidi ya mara mbili kwa wiki. Hisabati kila asubuhi inasikika vizuri mkutanoni, kumbe ndiyo inayopotea zaidi. Ijumaa, shule yenye Waislamu iache muda wa swala ya mchana bila bloki na bila jaribio, kwa sababu kipindi cha kuchagua kikipotea hakuna daftari la jirani wa darasani la kunakili. Jirani anasoma somo jingine.

Baada ya hapo ndipo programu inapofunguliwa. aSc Timetables na zinazofanana nayo hupanga haraka sana, lakini hazitakubunia bloki nzuri kutoka kwa machaguo yaliyovurugika. Ingiza bloki zikiwa zimefungwa mahali pake, kisha pacha, kisha walimu walioajiriwa na bodi ya shule wanaokuja siku chache, kisha masomo ya lazima. Kadi za vipindi kwenye programu zikikataa kukaa, usilegeze masharti yote kwa pamoja. Tafuta mwalimu mwenye kadi nyingi zaidi na uhesabu nafasi zake halisi: mwenye vipindi 28 aliyeombewa asubuhi mbili bila kazi, gwaride na mkutano wa idara huenda amebakiwa na nafasi 29, na hapo hakuna programu itakayomwokoa. Ondoa sharti moja, jaribu, angalia.

Mabadiliko ya Januari yatakuja tu: uhamisho wa walimu kutoka TSC (Tume ya Huduma za Walimu), wanafunzi wapya, mzazi anayetaka somo jingine. Bandika ofisini orodha ya nafasi zilizobaki katika kila kundi. Badiliko la ndani ya bloki moja ni kazi ya dakika kumi: mwanafunzi wa Historia, Jiografia na Biashara akitaka Dini badala ya Historia, zote ziko B, anahama. Akitaka Fasihi badala ya Jiografia, Fasihi iko C ambako tayari ana Biashara, hivyo lazima ahamishwe katika bloki zote tatu: Historia A, Biashara B, Fasihi C. Lakini muulize naibu mkuu kwanza kama mchanganyiko mpya unakubalika kwa njia yake ya masomo.

Kabla ya kuchapisha, chagua mwanafunzi mmoja kutoka kila mchanganyiko, hapa ni watano, na wale 52 uwatolee wawili kwa sababu wamegawanyika. Fuata wiki ya kila mmoja kipindi kwa kipindi ukiandika somo, mwalimu na chumba. Ukipata chumba kinachotajwa mara mbili saa moja, au mwanafunzi mwenye vipindi 39, rudi kwenye bloki. Chapisha nakala ya kila darasa, ya kila mwalimu na ya kila chumba. Ile ya maabara ibandikwe mlangoni, na fundi wa maabara apewe yake wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.