Je, Wajua Kwa Nini Mji wa Kitalii wa Milimani Hauuzi Mlima Peke Yake?

Anayefika Zermatt, mji mdogo wa Uswisi uliojibanza chini ya mlima Matterhorn, hahitaji kuhubiriwa uzuri wa mahali hapo. Mlima wenyewe una kimo cha mita 4,478, unaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na umbo lake la pembe linajulikana hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga Ulaya. Hata hivyo, mji huo wenye wakazi wasiofika 6,000 una makumbusho yake, una ofisi ya utalii inayofanya kazi mwaka mzima, na kalenda yake imejaa matamasha na mashindano. Kwa nini mji uliojaliwa mlima kama huo ujisumbue na mambo hayo yote?

Jibu linaanzia kwenye kitanda cha hoteli. Kitanda ambacho hakikulaliwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa mara mbili kesho ili kufidia. Mlima upo siku zote, lakini wageni huja kwa mafungu: Krismasi na Mwaka Mpya, likizo za shule za mwezi Februari, kisha Julai na Agosti. Katikati ya mafungu hayo kuna wiki za ukame, ambapo theluji ipo lakini watu wamerudi makazini, au theluji imeyeyuka na njia za kutembelea milimani bado ni tope. Gharama hazifuati kalenda hiyo, kwa maana magari ya kebo lazima yakaguliwe na mafundi, mikopo ya hoteli lazima ilipwe, na mpishi hodari akiachishwa kazi mwezi Aprili huenda asirudi Desemba. Kwa hiyo anayeutangaza mji wa milimani ana kazi mbili, na ile ya kuongeza idadi ya wageni ndiyo nyepesi. Ngumu ni kuwaleta katika wiki ambazo kwa hiari yao wasingekuja.

Huko St. Moritz, mji mwingine wa Uswisi katika bonde la Engadin, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, kuna simulizi maarufu kuhusu mtu wa kwanza kulivalia njuga tatizo hilo. Inasemekana kuwa mwaka 1864 mwenye hoteli aitwaye Johannes Badrutt aliwaona wageni wake Waingereza wakifungasha mizigo mwishoni mwa majira ya joto, kama ilivyokuwa desturi, kwani zama hizo kwenda kustarehe milimani wakati wa baridi lilikuwa wazo la ajabu. Badrutt akawawekea dau: warudi wakati wa baridi, na wasiporidhika na jua la huko, nauli yao ataibeba yeye. Walirudi, na inasimuliwa kuwa walikaa hadi karibu na Pasaka. Iwe mambo yalikwenda hivyo neno kwa neno au yametiwa chumvi, hakuna ubishi kwamba St. Moritz ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza katika milima ya Alpi kugeuza majira ya baridi kuwa msimu wa biashara.

Lakini mgeni aliyekubali kukaa wiki kadhaa kwenye baridi anahitaji shughuli, na hapo ndipo matukio yalipozaliwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1884 kuingia 1885 ilijengwa njia ya barafu ya Cresta, ambayo watu huishuka kwa kasi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya barafu, kichwa kikitangulia. Tangu 1907 hufanyika mbio za farasi juu ya ziwa la mji likiwa limeganda, ambazo siku hizi hukimbiwa Jumapili tatu za mwezi Februari. Farasi huvalishwa viatu vyenye meno ya kushika barafu, na katika aina moja ya mbio hizo hakuna mpanda farasi kabisa: kila farasi humburuta mtu aliyesimama kwenye mbao za kutelezea, ameshika hatamu ndefu kwa mikono miwili, huku kwato zikimrushia theluji usoni mpaka mwisho wa mbio. Ni kichekesho kidogo kwamba tukio mashuhuri la mji wa milimani hufanyika mahali palipo bapa kuliko pote mjini. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika hapo mwaka 1928 na tena mwaka 1948, lakini Olimpiki huja na kuondoka, ilhali Februari hurudi kila mwaka.

Tatizo la Aspen, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, lilikuwa kinyume chake, kwa sababu hapo pengo lilikuwa majira ya joto. Mji huo ulikuwa wa wachimbaji wa fedha, ukasambaratika baada ya bei ya madini hayo kuanguka mwaka 1893, kisha ukafufuliwa na biashara ya kuteleza kwenye theluji iliyoanza rasmi mwaka 1947, lifti ya kwanza ya viti ilipozinduliwa. Mfanyabiashara wa Chicago, Walter Paepcke, pamoja na mkewe Elizabeth, waliamua kwamba mji huo uwe pia mahali pa kulisha akili. Mwaka 1949 waliandaa maadhimisho ya miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mshairi wa Kijerumani Goethe, jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halina uhusiano wowote na mji wa zamani wa machimbo. Walimwalika Albert Schweitzer, daktari aliyekuwa na hospitali huko Lambaréné, Gabon, naye akafunga safari yake pekee ya kwenda Marekani. Muziki na hotuba zilisikilizwa ndani ya hema kubwa lililosanifiwa na msanifu majengo Eero Saarinen. Kutokana na mkusanyiko huo likazaliwa tamasha la muziki ambalo hadi leo huwavuta wanamuziki na wasikilizaji kila majira ya joto, pamoja na taasisi ya mijadala inayobeba jina la mji. Baridi nayo ilikuwa na tundu lake, kwani wageni wa Mwaka Mpya walipoondoka, Januari ilipoa. Mwaka 1951 mji ukaanzisha sherehe ya Winterskol kwa ajili ya kipindi hichohicho.

Makumbusho hufanya kazi nyingine. Tukio humpa mgeni tarehe ya kuja. Makumbusho humpa pa kwenda siku mlima unapojificha mawinguni, na milimani siku hizo si chache. Zaidi ya hayo, humpa sababu ya kuutazama mlima kwa jicho jingine. Mfano bora ni makumbusho ya Zermatt, yaliyojengwa chini ya ardhi karibu na kanisa, ambamo kitu kinachotazamwa kuliko vyote ni kipande cha kamba. Tarehe 14 Julai 1865, watu saba wakiongozwa na Mwingereza Edward Whymper walikuwa wa kwanza kufika kileleni mwa Matterhorn. Wakati wa kushuka mmoja aliteleza, akawaangukia wenzake, na kamba iliyowaunganisha ikakatika. Wanne wakafa, watatu wakanusurika. Kipande kilichobaki kimewekwa ndani ya kioo, chembamba kwa namna ya kushtua, nyuzi zake zimefumuka pale ilipokatika. Mmoja wa walionusurika, mwongoza wageni Peter Taugwalder, alishukiwa kwamba aliikata ili ajiokoe, ingawa uchunguzi haukumtia hatiani. Mgeni aliyesimama mbele ya kioo hicho, kisha akatoka nje na kuinua macho, hauoni tena mlima wa kwenye postikadi.

Zermatt haikuficha msiba huo, bali iliujengea kalenda. Mwaka 2015, miaka 150 ilipotimia, taa zilipangwa kwenye mlima kufuata njia iliyopandwa na watu wale saba, mchezo wa kuigiza kuhusu kisa hicho ukaonyeshwa nje, juu ya mji, na siku yenyewe ya tarehe 14 Julai mlima ukafungwa kwa wapandaji ili kuwakumbuka waliokufa. Wapo watakaoona kuwa huku ni kuuza maiti. Kwa maoni yangu, kufunga mlima katika siku ambayo dunia nzima inautazama ni uamuzi ambao mfanyabiashara mtupu asingeufanya.

Fedha za mambo haya hutoka wapi? Katika miji mingi ya Alpi mgeni hulipa tozo ndogo kwa kila usiku anaolala, inayoongezwa kwenye bili ya hoteli. Katika jimbo la Valais, ambamo Zermatt imo, sheria inataka mapato ya tozo hiyo yatumike kwa manufaa ya mgeni mwenyewe, yaani kumpa habari, kumburudisha na kumtengenezea miundombinu; hairuhusu yatumike kulipia matangazo ya biashara. Ikiwa fedha za mgeni haziwezi kununua bango katika jiji la mbali, lakini zinaweza kugharimia onyesho la muziki uwanjani, basi onyesho hilo lenyewe ndilo linalogeuka kuwa tangazo, na wageni waliolifurahia hulisambaza bila malipo. Matangazo yaliyo wazi hutafutiwa fungu jingine, hasa michango ya wafanyabiashara wanaofaidika na utalii.

Tukio likikua mno huanza kuutawala mji. Davos, nayo ya Uswisi, ambayo ilijulikana kwa hospitali za kifua kikuu hadi dawa za antibayotiki zilipoziondolea umuhimu, ililazimika kujitafutia wateja wapya katika michezo na mikutano. Tayari ilikuwa na mashindano ya mpira wa magongo wa barafu ya Kombe la Spengler, yaliyoanza mwaka 1923 na huchezwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kuanzia 1971 ikawa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa biashara ulioanzishwa na Klaus Schwab, ambao leo huitwa Kongamano la Uchumi Duniani na kwa kawaida hufanyika Januari, katika wiki zilezile ambazo wenye hoteli za milimani huziogopa. Siku hizo vitanda hujaa, barabara huwekewa vizuizi vya usalama, na miteremko ya theluji hubaki tulivu kwa kuwa waliolala hotelini hawakuja kuteleza. Kwenye mtaa mkuu wa Promenade, baadhi ya wenye maduka huondoa bidhaa zao zote na kukodisha nafasi kwa kampuni na serikali zinazotaka kuonekana na wajumbe, kisha huzirudisha rafuni mkutano unapokwisha.