Yatima wa orangutangu hafundishwi na msitu

Wengi huuliza: mtoto wa orangutangu, yule nyani mkubwa mwekundu wa Asia, akishaokolewa, si arudishwe tu msituni, kwani si ndiko kwao? Hapana. Mwalimu wake ni mama, na mara nyingi mama huyo ameuawa ili mtoto akamatwe.

Huko kwenye visiwa vya Borneo na Sumatra, mtoto hukaa na mama yake miaka 6 hadi 8. Hujifunza matunda yapi huliwa na huiva lini, jinsi ya kupasua gogo lililooza apate mchwa, na kutengeneza kitanda cha matawi mtini kila jioni. Yatima hajui hata kimoja. Ndiyo maana kazi ya vituo vya kulea yatima hawa kama Sepilok, kilichoanzishwa Sabah, Malaysia, mwaka 1964, na Nyaru Menteng cha Kalimantan, Indonesia, huchukua miaka mingi. Kwanza ni karantini, yaani kutengwa na wenzake, maana kifua kikuu cha binadamu humwambukiza. Kisha walezi humpeleka msituni kila siku apande miti. Nyaru Menteng huwahamishia visiwani kwanza, ionekane kama wanajimudu. Wengine hawaachiliwi kamwe.

Na aliyezoea kubebwa na watu, hili ndilo linaloniuma zaidi, huweza kushuka mtini kumfuata binadamu atakayemuua.