Kveik: hamira isiyoogopa joto, ila inaogopa njaa

Hamira nyingi za ale, aina ya bia, zinataka nyuzi 18 hadi 22. Zichachushie kwenye nyuzi 32, joto la kawaida la chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili, na bia itatoka na ukali unaochoma koo. Kveik, hamira ya wakulima wa magharibi mwa Norwei, ni kinyume chake. Ile ya Voss, eneo la huko, hutiwa kwenye nyuzi 35 hadi 40, na kwenye joto hilo ndipo inapotoa harufu yake ya chungwa.

Kwa lita 20, loweka kilo 4.5 za kimea cheupe cha shayiri kwenye lita 14 za maji, mchanganyiko ukae nyuzi 66 kwa saa moja. Chuja, suuza machicha kwa maji ya moto upate lita 24, kisha chemsha saa nzima na gramu 25 za hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Dakika 10 kabla ya kuepua, tupia gramu 10 za hamira ya mkate. Itakufa, na ndiyo nia: mabaki yake ni chakula cha kveik. Kwenye bia nyepesi usiruke hatua hii. Nikisikia kveik imekwama katikati, njaa ndiyo ninayoishuku kwanza.

Poza mpaka 38, tikisa ndoo iingie hewa, tia pakiti ya gramu 11. Vifaa viwe safi, hilo halina mjadala. Funga ndoo blanketi, maana povu likishuka joto nalo hushuka, na kveik iliyopoa ghafla hulala.

Siku ya tatu au ya nne, pima sukari iliyobaki kwa haidromita, kifaa kinachoelea kwenye bia: namba ikiwa kubwa, sukari ni nyingi. Hapa wengi hudanganyika: haidromita nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo yako ikisoma 1.010 kwenye bia ya nyuzi 38, ukweli ni karibu 1.015. Ukijaza chupa hapo, sukari iliyobaki itaendelea kuchacha na chupa zinaweza kupasuka. Poza sampuli kwanza, na usubiri kipimo kilekile siku mbili mfululizo. Bia iliyochachia joto hubaki na gesi kidogo, kwa hiyo wakati wa kujaza chupa mimi hutia sukari gramu 7 kwa lita, si 6.

Mashapo, yaani hamira iliyotuama chini ya ndoo, usimwage; utaitumia tena. Wanorwei waliyakausha kwenye kitani na pete za mbao. Karatasi ya kuokea na feni vinatosha. Tandaza membamba, na yakivunjika kama ukoko mkavu, yafunge uyaweke friza.