Kadi mbili za mtandao, lango moja: dhana potofu na ukweli

Dhana: ukiunganisha faiba na modemu ya laini ya simu kwenye kompyuta moja, kasi zinajumlishwa.

Kwenye vibanda vya stesheneri vya Mwanjelwa, jijini Mbeya, wengi wanaamini hivyo, na wanaishia kulipia bando la pili bure. Kompyuta hutazama jedwali lake la njia, ikachagua njia ya intaneti yenye metriki (namba ya gharama ya njia) ndogo zaidi. Faili unalopakua hupita humo mwanzo hadi mwisho. Laini ya pili ni akiba tu, na akiba yenyewe ina mtego: faiba ikikatika huko barabarani, waya wako bado unaiona ruta iko hai, hivyo mara nyingi kompyuta itaendelea kuitumia njia iliyokufa mpaka uuchomoe.

Dhana: kila kadi lazima ijazwe lango (gateway, yaani anwani ya ruta ya kutokea nje ya mtandao).

Hili ndilo kosa linalotesa ofisi nyingi, tena linatendwa kwa nia njema. Chukua duka la pembejeo pale Uyole. Kadi ya kwanza inaelekea intaneti: anwani 192.168.1.20, lango 192.168.1.1. Ya pili inaelekea seva ya stoo na printa: anwani 10.0.0.20, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0. Nafasi ya lango kwenye kadi hii ya pili iachwe wazi. Kinyago kimeshaiambia kompyuta kwamba wote wa 10.0.0 ni majirani wa upande huo. Ukiandika lango hapo, pakiti (vipande vya data) za intaneti zinaweza kupelekwa kwenye mtandao usio na mlango wa kutokea, na mteja anasubiri risiti huku ukurasa haufunguki. Kama kuna tawi jingine nyuma ya mtandao wa stoo, ongeza njia yake peke yake kwenye Windows (hapa 10.0.5.0 ni mtandao wa tawi, 10.0.0.1 ni ruta ya kuufikia):

route -p add 10.0.5.0 mask 255.255.255.0 10.0.0.1

Dhana: kadi zote mbili zikipewa anwani za mtandao mmoja, zitasaidiana.

Zitachanganyana. Majibu yanaweza kutokea kadi usiyoitarajia. Kuziunganisha kweli kunahitaji mpangilio maalumu, na mara nyingi swichi inayouelewa.

Dhana: kompyuta yenye kadi mbili tayari ni ruta.

Hapana. Haipitishi pakiti za wengine mpaka uiruhusu.

Kabla ya kumwita fundi, andika route print kwenye Windows, au ip route kwenye Linux. Ukikuta mistari miwili inayoanza na 0.0.0.0 kwenye sehemu ya Active Routes, au miwili ya default kwenye Linux, anza kutafuta tatizo hapo.