E85 kwenye tangi haifanyi gari kuwa fleksi

Mtu anatangaza Subaru yake: STI (lile toleo la turbo la kasi), fleksi, imetengenezwa vizuri, haina kazi. Ukimwuliza gari linajuaje lina mafuta gani kwenye tangi, anakujibu kwamba fundi aliliwekea ramani ya E85, yaani maagizo ambayo kompyuta ya injini inayafuata, na tangu hapo linatembea kama ndege. Huenda linatembea kweli. Ila gari hilo si fleksi, na huu si ubishi wa majina tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ununue vifaa gani, fundi akae na gari siku ngapi, na injini iishi muda gani.

Maana yenyewe ni fupi. E85 ni mafuta: ethanoli kwa wingi iliyochanganywa na petroli. Fleksi ni uwezo wa gari kujua mafuta yanayoingia kwenye injini yana ethanoli asilimia ngapi, kisha likajirekebisha bila kuguswa na mtu. Gari la fleksi laweza kunywa petroli tupu mwaka mzima likabaki fleksi. Na gari laweza kunywa E85 tangu siku lilipotoka gereji lisiwe fleksi hata kidogo. Dhana yote ni hiyo.

Kinachowapoteza watu ni ile 85. Namba ikishabandikwa kwenye pampu, watu huiamini kama saa ya msikiti. Sasa nenda Marekani, ambako E85 inauzwa sheli pembeni ya petroli ya kawaida, usome kiwango chao, ASTM D5798: kinachoruhusiwa kuitwa E85 ni mafuta yenye ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83. Hata upande wa juu haufiki 85!

Sababu ya upande wa juu inachekesha kidogo. Ethanoli ni pombe, ile ile ya kwenye chupa, na pombe ya kunywa ina kodi yake. Kwa hiyo ethanoli ya magari hutiwa kitu cha kuiharibu, kwa kawaida petroli asilimia kama mbili hivi, ili asitokee mtu akaimimina kwenye glasi. Ukichukua sehemu 85 za pombe iliyokwisha haribiwa namna hiyo, pombe halisi iliyomo ni kama 83.

Upande wa chini unatokana na baridi. Ethanoli haigeuki mvuke kwa urahisi hali ya hewa ikiwa baridi, na bila mvuke plagi haina cha kuwasha. Minnesota, jimbo lenye Wakenya wengi na pampu nyingi za E85, Januari asubuhi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, kwa hiyo wauzaji huongeza petroli kwenye mchanganyiko. Pampu haijabadilika, wala stika. Julai unaweza kujaza mafuta yenye ethanoli zaidi ya 80, Januari ukajaza yenye hamsini na kitu, na hakuna atakayekwambia. Fundi aliyekupangia ramani moja ya E85 mwezi wa Julai amekupangia mafuta ya Julai.

Wabrazili walilijua hili kwa uchungu kabla ya sisi wapenda turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, kuanza kulizungumza. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, serikali yao ilianzisha mpango wa Pró-Álcool mwaka 1975 ili magari yatumie pombe ya miwa. Mwaka 1979 ikatoka Fiat 147 ya kutumia ethanoli tupu, na katika muongo uliofuata magari mengi mapya nchini humo yakawa ya namna hiyo. Yalikuwa magari ya ethanoli, basi. Hayakuwa na hiari. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 viwanda viliona sukari inalipa kuliko pombe, ethanoli ikaadimika kwenye pampu, na mwenye gari akabaki na chombo kizima kisicho na cha kunywa. Watu waliyakimbia magari yale. Yalirudi kwa sura nyingine mwaka 2003, Volkswagen ilipotoa Gol Total Flex: mimina petroli, mimina ethanoli, changanya upendavyo, gari litajua lenyewe. Fleksi ilizaliwa, kwao, kama jibu la tatizo la gari lililofungwa kwenye mafuta ya aina moja. Ndiyo maana inaniudhi kusikia gari lililofungwa kwenye mafuta ya aina moja likiitwa fleksi.

Kuna jambo la haki niliseme hapa. Ile Gol haikuwa na sensa ya ethanoli. Kompyuta yake ilisoma sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, ikaona kama moshi una hewa nyingi au mafuta mengi, na kutokana na hapo ikakadiria kilichomo kwenye tangi. Kwa hiyo kigezo ni gari kujua, hata kama halina sensa. Lakini kukadiria kwa njia ya moshi kunachukua muda, na kunahitaji uendeshaji wa taratibu ambapo kompyuta inajisahihisha. Gari la familia linavumilia. Injini ya turbo iliyoongezewa presha haivumilii: ukikanyaga mafuta hadi chini, kompyuta nyingi haziisubiri tena sensa ya oksijeni, zinafuata kilichoandikwa kwenye ramani. Kilichoandikwa kikiwa si kilichomo kwenye tangi, unalipa kwa pistoni.

Kwa nini watu wanahangaika na ethanoli basi? Kwa ajili ya nguvu, lakini nguvu haimo ndani ya mafuta yenyewe. Lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko lita ya petroli. Inachokupa ni ustahimilivu: inavumilia mgandamizo na joto bila kujilipukia kabla ya wakati, kile mafundi wanachokiita kugonga, na inapogeuka mvuke inapoza hewa inayoingia kwenye silinda kuliko petroli inavyoweza. Ustahimilivu huo ndio unaomruhusu fundi kuongeza presha ya turbo na kusogeza mbele taimingi, yaani wakati plagi inapowasha. Ukimwaga E85 kwenye gari ambalo halijapangwa upya, hupati farasi hata mmoja wa maana, unapata injini inayokosa mafuta.

Kukosa mafuta kwenyewe ni hesabu nyepesi. Petroli inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja ya mafuta. E85 yenye 85 kamili inataka kama 9.8, na ethanoli tupu 9. Hewa ni ile ile, kwa hiyo mafuta, kwa uzito, yanapaswa kuongezwa kwa nusu au zaidi. Hapo ndipo injekta za kiwandani, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye injini, na pampu ya kiwandani zinapoishiwa pumzi, na ndiyo sababu bili ya kwanza ya mtu anayehamia ethanoli ni ya injekta kubwa, pampu yenye nguvu inayostahimili pombe, na mara nyingi plagi za baridi zaidi, zile zinazotoa joto haraka. Bili hii haikwepeki. Ni ile ile, uwe na fleksi au usiwe nayo, na labda hicho ndicho kinachowafanya watu waone kwamba wameshafika. Wametumia pesa nyingi, injekta zinang'aa, basi fleksi hiyo.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho chenye ubishi, na ndiyo chaguo halisi la mwenye gari.

Unaweza kuwa na ramani mbili, moja ya petroli na nyingine ya E85, ukawa unabadilisha kwa swichi au kwa kifaa cha mkononi. Ni njia halali. Gari la mashindano, linalojazwa kutoka pipa moja ambalo mwenyewe umelipima, halihitaji zaidi. Shida inaanza barabarani. Chukua tangi la STI, lita 60. Limebaki na lita 15 za petroli ya Marekani yenye ethanoli asilimia 10. Unaongeza lita 45 za kile kinachoitwa E85, ambacho siku hiyo kina 70. Pombe uliyo nayo ni lita moja na nusu jumlisha 31.5, yaani 33 kati ya 60, asilimia 55. Mchanganyiko huo unataka hewa kama 11.5 kwa moja. Una ramani ya 14.7 na ramani ya 9.8. Unawasha ipi? Hakuna inayokufaa. Ya petroli itaunyima mafuta, ya E85 itaumwagia mafuta kupita kiasi. Wenye ramani mbili waangalifu huendesha hadi tangi likaribie kukauka ndipo wajaze, na maisha hayo yanachosha.

Fleksi ya kweli kwenye gari la kutengenezwa inaanza na kifaa kidogo chenye nyaya tatu, kinachofungwa kwenye bomba la mafuta ili mafuta yapite ndani yake. Inayotumika zaidi ni ile ya Continental ambayo General Motors waliifunga kwenye magari yao. Inapima jinsi mafuta yanavyopokea umeme, maana pombe na petroli ziko mbali sana kwa hilo, kisha inatuma mapigo kwa kompyuta. Mapigo 50 kwa sekunde maana yake hakuna ethanoli. 150 maana yake ni ethanoli tupu. Toa 50 unapata asilimia. Mafuta ya lile tangi letu yangetoa mapigo 105. Urefu wa kila pigo unasema joto la mafuta. Kompyuta ikishajua ni 55, inachukua nafasi kati ya ramani ya petroli na ya ethanoli: mafuta kiasi hiki, taimingi kiasi hiki, presha kiasi hiki. Kesho ikiwa 38, inahama yenyewe. Ukitoka sheli, subiri kidogo kabla ya kukanyaga, kwa sababu sensa inayaona mafuta yaliyokwisha fika kwenye bomba, si yale uliyoyalipia sasa hivi.

Sensa hiyo ina udhaifu mmoja ambao sisi wa Afrika Mashariki tuuangalie sana. Maji yanapokea umeme kwa kiwango cha juu zaidi hata kuliko pombe. Huku E85 si mafuta ya kupatikana kwenye pampu, kwa hiyo anayeitaka atajichanganyia, na kishawishi kitakuwa ethanoli ya jiko. Ile haikutengenezwa kwa ajili ya injini, na inaweza kuwa na maji. Maji yakizidi, pombe na maji hujitenga na petroli na kulala chini ya tangi, pale pampu inapovuta. Sensa nayo itasoma pombe nyingi kuliko iliyopo.

Tena kuna namba nyingine ya pampu inayodanganya wasafiri. Ramani ya fleksi ina miguu miwili, mmoja wa ethanoli na mwingine wa petroli. Ukinunua ya mtandaoni kutoka Marekani imeandikwa "93", usidhani ni super ya Kenya ya 93. Wamarekani wanaandika wastani wa vipimo viwili vya okteni (uwezo wa petroli kustahimili kugonga), RON na MON, sisi tunaandika RON peke yake. 93 yao ni karibu 98 yetu. 93 yetu haiko mbali na petroli yao ya bei ya chini, ile ya 87. Mtu mwenye fleksi kamili, sensa na kila kitu, anaweza kuua injini siku anayokosa ethanoli akajaza petroli tupu.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye ramani ya E85, sema gari lako limepangiwa E85. Ni sifa nzuri, na kazi ya fundi wako haijapungua thamani. Na wewe unayenunua, mwombe muuzaji awashe gari akuonyeshe asilimia ya ethanoli kwenye skrini. Akikuonyesha swichi ya kuchagua ramani, mwambie kwa upole kwamba hilo ni gari la ramani mbili, kisha mzungumzie upya bei, maana sensa, waya zake na siku za fundi kuipanga ni juu yako.