Bonyeza sponji kwanza, amplifaya baadaye

"Shikamoo fundi. Nimepata hedifoni ya Focal Stellia lakini besi siisikii. Ninunue amplifaya gani?" Ujumbe huu uliniingia juzi usiku kutoka kwa kijana wa Mwanza, pamoja na picha ya amplifaya ya mezani ambayo kwa bei yake unapata pikipiki. Nikamjibu: marahaba, hebu weka wimbo wenye besi unaoujua vizuri, halafu weka viganja juu ya vikombe, ubonyeze kidogo kuelekea kichwani. Dakika mbili baadaye: "Eeh! Imekuja!" Nikamuuliza kama anavaa miwani. Anavaa.

Hedifoni iliyofungwa kama Stellia, ile ambayo migongo ya vikombe vyake imezibwa, ni chumba kidogo. Kiwambo, yaani utando unaotetemeka kutoa sauti, kinasukuma hewa iliyonaswa kati yake na sikio, na besi inaitegemea hewa hiyo isipate pa kutorokea. Upenyo unaoachwa na mkono wa miwani unatosha kushusha besi ya chini ya hezi 100 kwa desibeli kadhaa, na kwa baadhi ya modeli hata 10 na zaidi. Sauti za juu wala hazishtuki, ndiyo maana mtu haambiwi na masikio yake kwamba kuna mahali panavuja. Anachosikia ni hedifoni kavu, isiyo na nyama. Rasta nene hufanya hivyohivyo, na mtandio uliopita chini ya sponji, ile mito inayogusa kichwa kuzunguka sikio, pia. Amplifaya haizibi upenyo. Ukipandisha sauti, vyote vinapanda pamoja na pengo linabaki palepale.

Sponji zenyewe nazo zina umri. Kwa joto na unyevu wetu wa Dar, ngozi bandia huanza kubanduka magamba meusi shingoni mwa mwenyewe, na povu la ndani likishalala, kiwambo kinasogea karibu na sikio na sauti inabadilika kabisa. Mimi husema sponji ni tairi. Kabla ya kununua hedifoni ya mamilioni, uliza kwanza kama sponji zake zinapatikana na zinabadilishwaje.

Kwa nini basi mtu ahangaike na zilizofungwa, wakati za wazi, ambazo migongo ya vikombe haikuzibwa, hupumua vizuri zaidi? Kwa sababu jirani ana jenereta, watoto wamelala chumba kimoja na wewe, au unarekodi mwimbaji na hutaki mdundo uvujie kwenye maikrofoni. Ila usidhani zote zinazuia kelele sawasawa. Baadhi ya zile za bei kubwa zina vitundu vya kupumulia, na feni ya ukutani utaisikia kama kawaida.

Kazi ngumu kwa watengenezaji iko nyuma ya kiwambo. Sauti inayotoka upande ule haina pa kwenda, inagonga ukuta wa kikombe na kurudi, na ikirudi inachafua ile unayoisikiliza. Kila mmoja ana dawa yake. Sennheiser kwenye HD 820 ya 2018 waliweka kioo kilichobonyea ili kiielekeze sauti pembeni, kwenye vyumba vya kuinyonya. Denon AH-D9200 ina vikombe vya mwanzi wa Kijapani. Dan Clark Audio kwenye Stealth ya 2021 wakaweka mbele ya kiwambo kipande chenye vijia vingi vidogo vinavyomeza mawimbi yanayozungukazunguka mle ndani. Pesa yako kubwa inalipia hapa, kwenye kikombe na kiwambo.

Sasa twende kwenye amplifaya. Nitachukua kilele cha desibeli 110, kile kishindo cha ngoma cha nukta moja, wala sisemi usikilize hivyo muda wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 muda unagawanyika nusu.

Stellia ya kijana wetu ina ukinzani, yaani jinsi inavyouzuia umeme, wa omu 35, na unyeti, yaani sauti inayotoa kwa umeme kidogo, wa desibeli 106 kwa miliwati 1. Kufika 110 inataka miliwati 2.5, yaani kama volti 0.3. Kile kiadapta kidogo cha kuchomekea hedifoni kwenye simu, hata kinachotoa nusu volti, kinaimudu na chenji inabaki. HD 820 ni ya omu 300, na hutoa desibeli 103 kwa volti 1. Hiyo inataka kama volti 2.2, lakini mkondo hauzidi miliampea 8. Halafu chukua hedifoni ya planari, ile ambayo kiwambo chake ni utando bapa kati ya sumaku, ya omu 25 yenye unyeti wa desibeli 88 kwa miliwati: volti inakuwa karibu ileile, 2 hivi, ila mkondo unaruka hadi miliampea 80. Mara kumi! Fikiria simtanki juu ya paa: volti ni kimo cha tangi, mkondo ni maji yanayopita bombani, na omu chache ni bomba pana. Wengi wanaangalia omu peke yake na kuhukumu kwamba omu nyingi ndiyo hedifoni "ngumu", kumbe inayoimaliza pumzi amplifaya ndogo mara nyingi ni hiyo ya omu 25.

Jambo la pili la amplifaya, ukinzani wa tundu lake la hedifoni, limeniaibisha mwenyewe. Miaka ya nyuma nilinunua Kariakoo amplifaya mbili za mtumba kutoka Japani, kubwa, za rangi ya fedha, zenye vitufe vizito vya kuzungusha. Ya kwanza niliichoma siku hiyohiyo, kwa sababu ya kwao ni volti 100 na soketi yetu ni 230. Moshi ulitoka kabla sijagusa kitufe cha sauti. Ya pili nikaifungia transfoma ya kushusha umeme. Nikachomeka hedifoni iliyofungwa ya omu 32, nikasikia besi nene, ya joto, nikawahubiria watu miezi mitatu kuhusu "sauti ya zamani".

Kisha nikapima. Amplifaya nyingi za enzi zile zilichukua sauti ya spika na kuipitisha kwenye rezista kabla ya kufika kwenye tundu la hedifoni. Yangu ilikuwa na omu 120 za kutokea, yaani ukinzani ambao sauti inaupitia kabla ya kuifikia hedifoni. Ukinzani wa hedifoni ile haukuwa 32 mahali pote, kwenye besi ulipanda hadi 60 hivi. Ukipiga hesabu, besi ilikuwa imeinuliwa desibeli 4. Kwa amplifaya yenye omu 1 ya kutokea, tofauti hiyo inakuwa desibeli 0.1, husikii kitu. Joto nililolisifia lilikuwa kosa la hesabu. Ndiyo maana tunasema omu za kutokea zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Planari hazijali sana, kwa kuwa ukinzani wake ni tambarare. Zinapungua sauti tu. Na hedifoni za omu 300 zinaelewana vizuri na amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo za zamani, hata zile za omu 100 na ushee, mradi ujue kwamba unaongeza chumvi kidogo.

Kwa Stellia, kinachonitia wasiwasi ni kinyume chake: amplifaya yenye nguvu nyingi mno. Hedifoni yenye unyeti ule itakupigia "shhh" ya mashine kati ya wimbo na wimbo, na kitufe cha sauti utakitumia robo ya kwanza tu, pale ambapo vitufe vingi vya bei rahisi hutoa sauti kubwa sikio moja kuliko jingine. Ukinunua, tafuta yenye swichi ya kushusha geini, yaani kiasi inavyokuza sauti, uiweke chini.

Kijana aliniandikia tena jana. Amenunua fremu ya miwani yenye mikono myembamba ya waya. Ile picha ya amplifaya hajaitaja tena, nami sikuuliza.